Tusikate stempu: Bahasha kuukuu za biashara ni hati za historia na lugha

Mtu akikuta bahasha kuukuu katika sanduku la marehemu babu yake, aghalabu hufanya mambo mawili. Kwanza, hukata ile pembe yenye stempu na kuiweka kando. Pili, huitupa bahasha yenyewe jaani. Anaamini ameokoa mali na kutupa taka. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi mambo huwa kinyume. Kilichotupwa ndicho kilichokuwa na thamani, na kilichookolewa kimebaki kuwa kijikaratasi cha rangi tu.

Nazungumzia hasa bahasha za biashara, yaani zile zilizotumwa na maduka, mabenki, mawakala wa meli na wenye mashamba katika shughuli zao za kila siku. Hizi si zile ambazo wapenzi wa stempu huziandaa siku ya kutolewa kwa stempu mpya, zikagongwa muhuri safi na kuhifadhiwa bila kumpelekea mtu habari yoyote. La hasha. Bahasha ya biashara ilikuwa na kazi. Ilibeba ankara, hundi, bei ya karafuu au malalamiko ya mteja ambaye mzigo wake umechelewa. Aliyeituma hakuwa na haja ya kumpendeza mtu. Alitaka ifike, tena kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Ndiyo maana ushahidi wake haujatiwa chumvi.

Hapa tutofautishe taaluma mbili ambazo watu huzichanganya. Mkusanyaji wa stempu huuliza: stempu hii ilichapishwa lini, rangi yake ni ipi, ina kasoro gani? Mwanahistoria wa posta huuliza maswali mengine: barua hii ilitoka wapi, ilipita wapi, ilifika lini, ililipiwa kiasi gani na kwa nini kiasi hicho? Kwa lugha yetu sisi wanaisimu, stempu ni neno moja na bahasha ni sentensi nzima. Ukiling'oa neno kutoka katika sentensi, utajua umbo lake lakini hutajua lilikuwa likisema nini.

Neno bahasha lenyewe limesafiri. Kamusi za awali za Kiswahili, zilizotungwa na wamishenari katika karne ya 19, zinaieleza bahasha kuwa mfuko wa mraba wenye kifuniko cha pembe tatu, ambao watu walihifadhia vitabu. Mfuko wa kitambaa ukaja kuwa mfuko wa karatasi, na umbo likabaki lile lile. Hata huko Uingereza bahasha ya karatasi haikuwa jambo la kawaida kabla ya mageuzi ya posta ya 1840, mwaka ambao stempu ya kwanza duniani ilitolewa. Kabla ya hapo ada ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi na umbali, na bahasha ilihesabiwa kama karatasi ya ziada. Nani angekubali kulipia karatasi isiyoandikwa kitu? Watu walikuwa wakiikunja barua yenyewe na kuandika anwani kwa nje.

Barua ya mvinyo

Ili msomaji aone jinsi karatasi ya biashara inavyoweza kupanda cheo, tutazame mfano mmoja wa Bahari ya Hindi. Mwaka wa 1847 mfanyabiashara mmoja kisiwani Mauritius aliwaandikia wauza mvinyo wa mji wa Bordeaux, Ufaransa. Barua ilikunjwa, ikabandikwa stempu mbili za kwanza za Mauritius, moja ya peni moja na nyingine ya peni mbili, ikaenda zake. Mwaka wa 1902 ilipatikana katika kumbukumbu za kampuni hiyo ya mvinyo. Mwaka wa 1993 iliuzwa mnadani Zürich kwa zaidi ya faranga milioni 5 za Uswisi.

Kila mwandishi wa habari anapoisimulia hadithi hii hutaja bei. Mimi nataka tutazame jambo jingine. Barua hiyo ilipatikana kwa sababu kampuni haikuchoma majalada yake kwa zaidi ya miaka 50. Stempu zake hazikukatwa. Zingekatwa, bado zingekuwa adimu, lakini hakuna ambaye angejua kwamba wakati mmoja zilikaa pamoja kwenye karatasi moja ili kulipia safari ya kutoka Port Louis hadi Bordeaux. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata daftari lenyewe, likitupwa, hupotea na mali yake.

Stempu ya nchi tatu, muhuri wa mji mmoja

Turudi nyumbani. Historia ya posta katika nchi yetu ilianzia pwani. India ya Waingereza ilifungua ofisi ya posta Unguja mwaka wa 1868, na baada ya kusitasita ikaiimarisha mwaka wa 1875. Huku Kenya, Kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa stempu zake Mei 1890. Hizo zilikuwa stempu za Uingereza zilizopigwa chapa jina la kampuni juu yake, na zikauzwa kwa sarafu ya Kihindi: nusu ana, ana moja na ana nne. Mwaka wa 1891, stempu za thamani ndogo zilipoadimika Mombasa, maafisa waliandika thamani mpya kwa mkono na kutia herufi za majina yao. Kutoka pwani kwenda bara, barua zilibebwa na matarishi kwa miguu hadi reli ilipochukua kazi hiyo. Neno tarishi tunalo hadi leo, ingawa siku hizi kazi yake ni kupeleka majalada kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Sasa nije kwenye hoja yangu kuu. Kuanzia 1903 stempu zetu zilikuwa za pamoja na Uganda. Kuanzia 1935 zikawa za Kenya, Uganda na Tanganyika. Hata baada ya uhuru, stempu za pamoja ziliendelea hadi miaka ya 1970, na majina ya nchi hizo tatu yalikuwa yakibadilishana nafasi ili asiwepo wa kulalamika kwamba mwenzake ametangulizwa daima. Stempu moja iliweza kutumiwa Kitale, Mwanza au Jinja bila tatizo.

Fikiria maana yake. Ukiwa na stempu hiyo peke yake, umeshika kipande cha rangi chenye majina ya nchi tatu. Hujui ilibandikiwa wapi. Kinachokuambia ni muhuri, nao muhuri nusu yake iko juu ya stempu na nusu nyingine iko juu ya bahasha. Mkasi ukipita hapo katikati, umeigawa habari. Mji umebaki upande mmoja na tarehe upande mwingine, na kimoja kati ya hivyo kimekwenda jaani.

Mihuri hiyo ina faida nyingine kwa sisi tunaoshughulikia majina ya mahali. Port Florence ndiyo Kisumu ya leo. Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu, na Broderick Falls ni Webuye. Vilevile kampuni nyingi zilichapisha jina na mtaa wao kwenye pembe ya bahasha. Mtaa wa Bazaar jijini Nairobi ukaja kuwa Mtaa wa Biashara, Victoria ukawa Tom Mboya, Hardinge ukawa Kimathi, nayo Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Ukiona bahasha ambayo jina la zamani la mtaa limekatwa kwa kalamu na jipya kuandikwa juu yake, unaona jinsi uhuru ulivyofika dukani. Mwenye duka hakutaka hasara ya kutupa bahasha alizokwisha kuzilipia, hivyo akaitangaza serikali mpya kwa wino wake mwenyewe. Hilo hutalipata katika hotuba yoyote ya Bunge.

Ana, pesa, hela, kauri

Waama, hakuna mahali ambapo historia ya msamiati wetu wa fedha imeandikwa wazi kama kwenye bahasha hizi. Neno pesa limetokana na Kihindi. Zilikuwa pesa 64 katika rupia moja. Wajerumani walipotoa stempu za koloni lao la Afrika Mashariki mwaka wa 1893, walichukua stempu za kwao na kuzipiga chapa neno hilo hilo, PESA, kwa herufi kubwa. Kuanzia 1905 stempu zao zikahesabiwa kwa heller, 100 kwa rupia moja, na kutoka hapo tukapata hela, neno linalotamkwa zaidi na ndugu zetu wa Tanzania. Kwetu Kenya, senti zilianza kuonekana kwenye stempu mwaka wa 1907 zikiwa senti za rupia. Rupia ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi ikachukua nafasi yake na senti zikabaki.

Uganda ina kisa chake. Mwaka wa 1895 kasisi Ernest Millar wa Church Missionary Society alipiga chapa stempu za kwanza za nchi hiyo kwa taipureta, kule Mengo. Thamani yake ilikuwa kwa kauri, na kauri 200 zilikuwa sawa na rupia moja. Katika Kiganda, ensimbi, neno lililokuwa likitaja kauri, ndilo linalomaanisha fedha hadi sasa.

Unguja nako, mwaka wa 1895 stempu za India zilipigwa chapa jina la Zanzibar. Wachapaji wa huko walikosea herufi, na baadhi zikatoka zikisomeka Zanzidar. Mwalimu wa lugha angetia alama nyekundu hapo, lakini mkusanyaji hulipia zaidi kosa kuliko usahihi. Hebu niambie, ni wapi pengine ambapo kosa la tahajia humtajirisha mtu?

Namna ya kutathmini

Sasa tuseme unayo bahasha mkononi na ungependa kujua ina thamani gani. Wataalamu hutazama mambo haya.

Jambo la kwanza ni uzima wake. Je, iko kamili, mbele na nyuma? Watu husahau nyuma, na huko ndiko ofisi za njiani na ile iliyoipokea zilikogonga mihuri yao. Mihuri ya nyuma ndiyo ratiba ya safari.

La pili ni muhuri. Je, unasomeka mahali na tarehe? Muhuri wa Nairobi au Mombasa ni wa kawaida. Wa kituo kidogo cha reli au ofisi iliyodumu miaka michache ni adimu zaidi.

La tatu ni ada. Je, stempu zilizobandikwa zinalingana na ada ya siku hizo kwa uzito huo na safari hiyo? Bahasha yenye stempu moja ya bei ndogo iliyolipa ada kamili inaweza kushinda ile iliyojazwa stempu ghali bila sababu, maana ya pili huenda ilitengenezwa na mpenzi wa stempu kwa ajili ya mwenzake. Ukiona herufi T imegongwa, jua kwamba mtumaji alilipa pungufu na mpokeaji ndiye aliyetozwa faini.

La nne ni njia. Mwaka wa 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kuleta barua kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, na barua iliyochukua wiki kadhaa kwa meli ikachukua siku chache. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia barua zilifunguliwa na wakaguzi wa serikali, kisha zikafungwa tena kwa karatasi maalumu yenye maandishi ya kueleza hivyo. Karatasi hiyo ya mkaguzi isibanduliwe, maana ni sehemu ya ushahidi.

La tano ni mtumaji na mpokeaji. Chukua mfanyabiashara kama Allidina Visram, ambaye maduka yake yalitanda kutoka Bagamoyo na Mombasa hadi Uganda. Biashara kama ile isingeweza kwenda hatua moja bila barua. Anwani zinaonyesha nani alimkopesha nani, bidhaa zilitoka Bombay au Manchester, na mwenye duka bara alimtegemea tajiri yupi wa pwani. Kama barua yenyewe bado imo ndani, iwe ya Kigujarati, Kiingereza au Kiswahili kwa hati za Kiarabu, usiitenganishe na bahasha yake.

La sita ni hali. Mchwa, unyevu na jua ni maadui, lakini adui mkubwa ni binadamu mwenye gundi na utepe wa kubandikia. Usioshe, usibandike, usipige pasi.

Kuhusu bei, katalogi ya Stanley Gibbons huonyesha, kwa stempu nyingi za hadi 1945, ni mara ngapi bei yake huongezeka ikiwa bado iko kwenye bahasha. Hiyo ni dalili ya kuanzia tu. Bei ya kweli ni ile ambayo wanunuzi wawili wanaoitaka wanafikishana mnadani. Tahadhari nayo ni muhimu. Enzi ya Mfalme George wa Tano, stempu za Kenya na Uganda zilifika thamani ya hadi paundi 100, na hizo kubwa zilitumika hasa kulipia ushuru wa hati za serikali. Walaghai walizifuta wino wa kalamu na kuzigonga mihuri ya uongo ya posta. Jijini London kulikuwa na mihuri bandia mingi ya makoloni ya Uingereza, inayojulikana kwa jina la Madame Joseph. Stempu moja pekee ni rahisi kuighushi. Bahasha nzima, yenye anwani, ada, njia na mihuri ya nyuma inayopaswa kukubaliana, humtoa mlaghai jasho.

Thamani mbili

Tusidanganyane. Bahasha nyingi za miaka ya 1950 hadi 1970 zilizoko majumbani mwetu hazitamnunulia mtu hata gunia la mahindi. Soko linazo tele. Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoipima kila karatasi kwa mnada. Bei hupimwa kwa bahasha moja moja, ilhali ushahidi hupimwa kwa furushi zima. Bahasha mia nne za duka moja kwa miaka 30 zinakuonyesha duka hilo likianza, likipanua mtandao, likibadilisha wauzaji wa jumla, likiyumba rupia au paundi ilipoyumba. Mnunuzi akija akachagua kumi zenye stempu nzuri na kuziacha nyingine, zile 390 hazina tena mtu wa kuzitetea. Zitawashwa jiko.

Nimewahi kupita nje ya duka moja la jumla likifungwa baada ya vizazi vitatu, kwa kuwa wajukuu walikuwa na kazi nyingine ng'ambo. Magunia ya makaratasi yalikuwa barazani. Bwana mmoja alikuwa ameketi juu ya kreti, mkasi mkononi, akikata pembe kwa utaratibu kabisa. Nilimwuliza za nini. Akanijibu, "Mwalimu, hizi zina wateja." Nikamwuliza na hizo nyingine je? Akacheka tu. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba alikuwa akikata kurasa za kitabu ambacho hakijaandikwa.

Nyaraka za Taifa, zilizoanzishwa mwaka wa 1965, zina jukumu la kuhifadhi hati za serikali. Hati za maduka, vyama vya ushirika na kampuni binafsi zinategemea busara ya wenyewe. Marehemu Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, alionyesha njia. Mikusanyo yake ya vitabu, sanaa na stempu imehifadhiwa katika jengo hilo hilo la Nyaraka jijini Nairobi, na yeyote anaweza kwenda kuitazama. Alikusanya ili vitu vikae pamoja, navyo vimekaa pamoja.

Wakati unatupa mgongo. Ankara siku hizi huenda kwa baruapepe, na tangu 2007 malipo huenda kwa M-Pesa, ile ile pesa ya Wahindi iliyochapishwa kwenye stempu za Wajerumani. Bahasha za biashara hazizaliwi tena kwa wingi, na zilizopo ndizo zitakazobaki.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kama kwenu kuna sanduku, gunia au kabati la aina hiyo, usiguse mkasi. Ziache bahasha jinsi zilivyofungwa, maana hata mpangilio wa mwenyewe ni habari. Ziweke pakavu, mbali na jua. Andika kwenye karatasi ya pembeni zilikuwa za nani na zilipatikana wapi. Kisha mwite mwalimu wa historia wa chuo kilicho karibu nawe azitazame kabla ya mnunuzi. Ukitaka kuuza, uza zikiwa zote, baada ya kuzipiga picha mbele na nyuma. Zilibandikwa stempu ili zifike, na baadhi yake bado ziko njiani.